Mchele Mpya wa Mama Mkwe

Kosa langu lilikuwa sahani moja ya wali. Mimi si wa huku, nimeolewa tu. Sikujua kwamba kwa watu wa mume wangu, mke wa mtoto hali mavuno mapya kabla mama mkwe hajayaonja. Nilikuwa nimejifungua majuzi, njaa inaniuma, na mchele wa shamba lao la Ahero uko jikoni kwangu. Nikapika, nikala.

Wiki mbili baadaye nikaanza kulia. Silali, sitaki kumshika mtoto, mlango ukigongwa moyo unaruka. Daktari akanieleza kwamba mwanamke akishazaa homoni hushuka ghafla, na zinaweza kuvuruga serotonini, kemikali ya ubongo inayosaidia kutuliza moyo. Akanipa vidonge, akasema nivumilie wiki kadhaa.

Mama mkwe hakuvumilia hata siku tatu.

"Hii ni chira," akasema. Chira ni laana ya anayevunja mwiko. "Umekula kabla yangu, sasa imekushika."

Akamwaga vidonge vyangu chooni, akambeba binti yangu kwenda naye Ahero, asije akanyonya laana. Mume wangu hakumzuia. Nilirudi kwa daktari peke yangu, nikapona polepole. Mtoto sikurudishiwa.

Mwaka huu, baada ya miaka mitano, mama mkwe akaletwa kwangu Kondele. Hedhi imekoma, usingizi hana, analowa jasho, analia kanisani bila sababu. Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi sana. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Mama," nikamwuliza, "umekula mchele wa nani?"

Akajifuta jasho.

Nikamwambia nitampeleka kwa daktari, lakini kwanza binti yangu arudi. Aliletwa jioni ileile. Kesho yake daktari akamweleza mama jinsi homoni zinavyopungua kwa umri wake, na hofu na huzuni zinavyoweza kufuata.

"Kwani ni mwili tu?" akauliza.

"Hata chira yangu ilikuwa mwili tu, Mama."

Sasa anakaa kwangu. Kila asubuhi namwekea kidonge kiganjani na kusimama mpaka akimeze. Majirani wananisifu kwa moyo mwema. Hawajui kitu. Binti yangu huniita Anti, na huyo bibi yake ndiye anayemwita Mama. Nataka apone kabisa, kichwa kitulie, asikie vizuri ninavyoitwa.