Jogoo Aliyerudishwa Mnadani

Chuo nilikofundisha useremala, ndani kidogo kutoka Kitomanga mkoani Lindi, hakikutoza ada. Kiliandaa wainjilisti, na kila mmoja alitoka na ufundi mkononi. Kiliishi kwa sadaka ya hiari. Nilichojifunza pale ni kwamba hiari ya watu wengi hailetwi na Roho; inaletwa na kipaza sauti.

Jumapili moja ya mavuno stoo ilikuwa karibu tupu. Mkuu wa chuo aliniambia wazi: mnada wa sadaka usipoleta chakula, kesho wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanarudi makwao. Na anayerudi nyumbani msimu wa ufuta hushikwa na shamba; ni nadra kumwona tena.

Mjane jirani wa chuo alileta jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili. Baada ya ibada akanadiwa. Desturi yetu inajulikana: anayemnunua, akitaka kuonyesha moyo, humrudisha auzwe tena, chuo kipate mara mbili. Desturi nzuri, kwa watu wanaolipa.

"Namnunua, na namrudisha mnadani!" akapaza sauti mnunuzi wa ufuta aliyetoka Lindi mjini.

Vigelegele. Mkandarasi akasimama, naye akamnunua, naye akamrudisha. Jogoo akazunguka mikononi mwa mashati yaliyonyooshwa, mdomo wazi kwa kiu, na kila mheshimiwa alipofika kwenye meza ya mhazini alisema neno lile lile: "Andika ahadi." Kikapuni hamkuongezeka kitu. Bei ilipanda kwa sababu mtu asiyekusudia kulipa hana haja ya kupatana.

Mpishi wa chuo alitoka jikoni na kisu, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Huyu jogoo anauzwa au anatembezwa?"

Watu wakacheka. Mzee aliyekuwa akinadi akasema anauzwa, na wa mwisho kumnunua, kwa mara ya pili, ni yule bwana wa ufuta.

"Umelipa, baba?"

"Nimeahidi, mama."

"Basi kaa na ahadi yako. Wanangu hawali ahadi." Akamnyakua jogoo.

"Mama, huyo ni wangu!"

"Njoo umdai jikoni. Ukija, njoo na kuni."

Mjane alicheka mpaka akaketi chini.

Jioni ile wanafunzi walikula ugali na mchuzi mwingi wenye nyama kidogo. Jumatatu hapakuwa na ahadi hata moja iliyofika, na wa mwaka wa kwanza wakafunga mabegi. Niliwasindikiza mpaka barabara kuu.

Jumapili iliyofuata majina ya wafadhili yalisomwa kanisani. Mnunuzi wa ufuta alisimama kupigiwa makofi, na mkandarasi pia. Jina la mjane halikutajwa. Nilimuuliza mhazini sababu.

"Mwalimu," alinijibu bila aibu, "jogoo wake si hakuuzwa?"