Muda wa Mgeni

Jamani, leo maneno manne niliyoandika mimi yamemnyanyua bibi wa watu kwenye kiti.

Mnajua kazi yangu hapa Buzebazeba: naandika msimbo unaoamua nani afungue mafaili ya ofisi yetu ya wakimbizi mtandaoni na nani afungiwe.
Wafanyakazi wa mkataba niliwaita "mgeni". Mkataba ukiisha, mlango unajifunga wenyewe.
Nikajiona fundi!

Asubuhi mkalimani wetu, Goreti, alikaa na bibi mmoja wa kambini anayetafuta picha ya mwanawe aliyepotelea njiani.
Goreti akabofya. Wapi! Mkataba mpya wa Goreti nilikuwa sijauingiza.

Bibi akauliza kompyuta inasemaje.
Goreti naye, mkalimani ni mkalimani, akamsomea kwa Kirundi ujumbe wangu:
"Muda wa mgeni umekwisha."

Bibi hakubisha.
Alisimama, akakaza kitenge, akauliza:
"Lori la kuturudisha kwetu liko wapi?"

Goreti akaniita. "Kaka, njoo uone ulichoandika."

Nimelifuta neno "mgeni" kila mstari. Mkataba nimeuingiza, picha zimefunguka.
Bibi tumemweleza, tumembembeleza, chai tumempa.

Nipeni neno lingine, jamani.
Bado amesimama mlangoni, anatazama barabara.