Chumvi ya Harusi ya Dada Anzelina

Nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndama watatu wa Ivuna walinilamba gauni nikiwa nimelivaa. Walianza mgongoni, wakashuka kiunoni, na mmoja mwenye doa jeupe usoni alinifuata mpaka mlangoni kwa katekista, akagoma kufukuzwa. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini kwenye matope. Mimi nililia, kwa sababu nilijua wanacholamba. Walikuwa wanalamba harusi ya dada yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Enzi zetu, sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru, watu wa Mbozi tulikuwa na mahindi, maharage na kahawa iliyoanza kuzaa, lakini chumvi ya maana ilitoka bondeni, Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa. Huko walichuja udongo wenye chumvi kwa maji, wakayachemsha maji yale vyunguni mpaka ibaki chumvi ya kijivu, wakaifunga kwa nyasi kavu na kamba za magome. Dukani kulikuwa na chumvi nyeupe, ila wazee walisema inachoma ulimi tu, haiongei na nyama. Kuwapikia wakwe kwa chumvi ya dukani ilikuwa ni kuwaambia kwamba binti mnayempokea hana kwao.

Mwaka ule lori la misheni lilikuwa linashuka bondeni kuchukua samaki wakavu. Sista Brijita, mwalimu wetu wa kushona na kuimba, akaomba nafasi ya wasichana kumi na wawili. Kwao ni Ayalandi, nchi ambayo alituambia yote ni kisiwa, na tangu afike Mbozi hakuwa ameona maji mapana kuliko josho la ng'ombe. Alitaka tukaone kisiwa. Mama zetu hawakuwa na haja na kisiwa. Walisikia neno Ivuna, na asubuhi ya safari kila msichana akapanda lori na mfuko wa maharage wa kubadilishia chumvi.

Dada Anzelina alikuwa anaolewa wiki mbili mbele, kwa watu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, waliosifika kwa kuchagua chakula. Mama alinishika bega.

"Febi, chumvi hiyo ukishaipata isitoke mwilini mwako. Usimwachie mtu, hata awe katekista. Ukirudi mikono mitupu, utawaeleza wakwe wewe mwenyewe."

Tulifika jioni, tukabadilisha maharage, tukalala kwa katekista wa Ivuna. Asubuhi, kabla ya kwenda ziwani, wenzangu wote waliacha chumvi yao kwa mke wa katekista. Mimi niliifunga yangu mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto. Ukubwa wake ulikuwa wa mtoto wa miezi mitatu, aliyenenepa.

"Huyu wako ni wa kike au wa kiume?" aliuliza Mzee Silwimba, mwenye mitumbwi.

"Shikamoo, mzee. Ni chumvi."

"Marahaba. Na chumvi inakwenda kuogelea?"

"Msamehe, mzee," alidakia rafiki yangu Monika. "Mama Chumvi ndiyo kwanza ametoka arobaini."

Wingu zito lilikuwa limekaa upande wa Ufipa. Mzee Silwimba akashauri tungoje kesho. Sista alilitazama wingu lilelile, akatabasamu.

"Kwetu hiyo ndiyo hali nzuri ya hewa," alisema, akapanda mtumbwi.

Kisiwa chenyewe kilikuwa nyasi, matope na ndege wengi waliotutazama kama wageni walioingia bila hodi. Ungekizunguka kabla uji haujapoa. Sisi hatukufika hata nusu. Mvua ya kwanza ya msimu ilishuka na upepo wake, ziwa likageuka rangi ya majivu, na Mzee Silwimba akasema hakuna kuvuka mpaka litulie. Siku hizi wajukuu wangu hutazama simu kujua kama itanyesha, kisha hawatoki, hata isiponyesha. Sisi hatukuwa na simu, wala mti, wala paa.

Sista alivua koti lake la mvua. Tulidhani atamfunika Tereza, mdogo kuliko sisi wote, aliyekuwa anatetemeka meno. Akaifunika chumvi.

"Sisi tutakauka," alisema. "Chumvi ikienda, imekwenda."

Habari za harusi nilikuwa nimemsimulia njiani, kwenye lori, mara tatu. Basi wasichana wakafanya duara, mimi nikachuchumaa katikati kama mzazi aliyeshikwa na uchungu njiani. Tulikula viazi vitamu vilivyolowa. Tuliimba sauti nne, zote zikitetemeka. Monika akauliza kama mamba wako karibu.

"Mamba ana akili, binti," alijibu Mzee Silwimba. "Mvua kama hii amebaki kwake."

Sista alicheka, maji yakimdondoka puani. Akatueleza kwamba baba yake alikuwa akiwapeleka kisiwa kidogo kila mwaka, siku moja, asubuhi na kurudi, na kila mwaka mvua iliwanyeshea, na kila mwaka walirudi wakisifu.

Mvua ya juu tuliishinda. Kosa langu lilikuwa chini. Wakati wa kurudi nilikaa kwenye sakafu ya mtumbwi, nimefunikwa koti mpaka shingoni, na maji yaliyokuwa yanaingia mtumbwini yakapanda polepole kwenye mbeleko. Nilihisi mzigo unakuwa mwepesi. Nikafurahi, nikidhani nimezoea kubeba. Kisha mikwaruzo ya miguuni ikaanza kuwaka moto, nikaelewa.

Hapo ndipo ndama walipotupokea ufukweni.

Ndani ya nyasi lilikuwa limebaki donge la ukubwa wa ngumi yangu. Nililifunga tena kama lilivyokuwa, nikaliweka pamoja na mizigo ya wenzangu kwa katekista, nikanyamaza. Kesho yake lori lilipanda milima, mimi nikiwa nimekaa juu ya magunia ya samaki, nikipanga maneno ya kuwaambia wakwe. Nilifika na sentensi moja tu: "Shikamooni, ilinyesha."

Nyumbani mama alifungua mzigo. Mimi nilikuwa nimeshaushika mlango.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema.

Nilisogea. Mzigo ulikuwa umejaa. Chumvi kavu, nyasi kavu, fundo ambalo halikuwa langu. Siku ya harusi watu wa ng'ambo waliongezwa mchuzi mara mbili, na mama mkwe akauliza chumvi ile imetoka wapi. Nilikula bila kuinua macho.

Leo chumvi iko kwenye pakiti, duka lolote la Tunduma, na wajukuu wanaimwaga kwenye chipsi kama wanapanda ulezi. Na mtu akimsaidia mwenzake, picha inapigwa kabla msaada haujafika. Enzi zetu aliyekusaidia alijificha kama mwizi, na sijui hadi leo kama ule ulikuwa uungwana au ukaidi. Ninachojua ni kwamba nilimtafuta. Nilipita kwa mama za wenzangu mmoja mmoja. Hakuna aliyelalamika kupungukiwa. Mke wa katekista, nilipomwona tena, alisema alichokumbuka ni ndama tu.

Sista Brijita, siku alipokuwa anarudi kwao, aliniambia ni Monika. Monika, ambaye sasa ni jirani yangu na amebaki na meno manne, anaapa ni Sista. Mmoja wao alinidanganya, au wote wawili.