Fundi Lebo na Sanda ya Mjomba

Mtaani aliitwa Lebo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kila nguo iliyotoka dukani kwake ilikuwa na kipande kidogo cha kitambaa cha buluu, kimeandikwa jina la duka kwa uzi wa dhahabu. Alikitia kwenye sare za shule, kwenye kanzu, kwenye suruali alizoletewa kupunguza tu, hata kwenye foronya za nyumbani kwake.

"Nashukuru nilijifungulia hospitali," mkewe aliwaambia mashoga zake. "Ningejifungulia nyumbani, wanangu wangekuwa na lebo shingoni."

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, ambaye hakujaliwa mtoto na alimlea tangu alipofiwa na wazazi. Katika kibanda cha mjomba palikuwa na sheria moja: adhana ikianza, mguu unatoka kwenye kanyagio la cherehani. Hakuna kungoja mshono uishe. Sindano iliachwa imezama kwenye nguo, mteja akanuna apendavyo, na kazi ikalala hapo mpaka watu warudi kutoka msikitini. Mpwa alikua akiamini kwamba mafundi wote duniani hufanya hivyo.

Alipofungua duka lake mwenyewe, aliishika sheria hiyo. Kisha akanunua cherehani ya umeme, halafu ya pili, akapata na kazi ya sare za shule za mtaa mzima. Hakuamka siku moja akaamua kuacha kuswali. Alianza kwa kumalizia mshono, baadaye akawa anamalizia nguo. Adhuhuri ilisukumwa hadi alasiri, alasiri ikasukumwa hadi magharibi, na zote zikaishia kwenye mto wa kulalia. Mwishowe alibakiwa na Ijumaa peke yake, nayo aliiendea na futi ya kupimia shingoni, akikagua kola za watu wa safu ya mbele.

Mjomba, ambaye macho yake hayakuweza tena kutunga uzi, alipita dukani kila alasiri na kukaa kwenye benchi la wateja.

"Mpwa wangu, twende."

"Tangulia, mjomba. Namalizia kola hii."

"Kola hiyo unaimalizia tangu mwaka jana. Ni ya twiga?"

Wateja walicheka, Lebo naye akacheka, na mjomba akaondoka peke yake akiburuta ndara. Siku moja, kabla ya kuinuka, alisema bila utani, "Nikifa, sanda yangu ukate wewe. Asishike mkasi mtu mwingine. Na ukate ukiwa na udhu."

"Mjomba nawe! Utatuzika sote."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia."

Alifariki asubuhi, wiki ya kufungua shule, na mazishi yakapangwa baada ya swala ya alasiri. Mwosha maiti wa msikiti, mzee mfupi aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimletea Lebo jora la bafta nyeupe.

"Vipande vitatu," alisema. "Kimo chake unakijua, ulikuwa ukimshonea kanzu. Tunakusubiri."

Lebo alilia, akapangusa uso, akatandaza kitambaa mezani katikati ya marundo ya sare. Alikata vipande vitatu vilivyonyooka kama vimepigiwa rula. Mama mmoja alisimama mlangoni akiulizia sketi za bintiye. Lebo alimjibu, akamwomba radhi, akamweleza msiba uliomfika, na muda wote huo mikono yake haikutulia. Mama alipoondoka, alivikunja vipande, akachukua na bafta iliyobaki, akavipeleka mwenyewe.

Mwosha alitandaza kipande cha kwanza. Akapitisha kidole ukingoni, akasita, akaigeuza kona.

"Nini hii, baba?"

Kitambaa kilikuwa kimepindwa pande zote kwa mshono mwembamba, safi, wa mashine. Kwenye kona palikuwa na lebo ya buluu. Jirani aliyeshika ndoo ya maji alikohoa kwa nguvu, akatazama ukutani.

"Sanda haishonwi," mwosha alisema bila kupandisha sauti. "Hata mtoto wa madrasa anajua. Tumzike rafiki yangu na tangazo la duka? Na udhu, ulitia?"

Lebo alitikisa kichwa.

"Alasiri imekaribia. Naweza kumwita fundi mwingine."

"Aliniusia mimi," Lebo alisema. "Hakuniomba kingine."

Alikwenda bombani. Alinawa viganja, akasukutua, akapandisha maji puani, akaosha uso, kisha akasimama huku maji yakimtiririka kidevuni. Mikono ndiyo inayofuata, au kichwa? Mwosha alikuwa amemfuata hadi mlangoni.

"Mikono," alisema polepole. "Mpaka kwenye viwiko."

Alikata sanda nyingine sakafuni, kwenye mkeka, kwa mkasi wa mwosha. Nyuzi zilining'inia ukingoni. Vidole vyake vilienda kuukunja ukingo huo, akavirudisha. Vilienda tena, akavirudisha tena. Kazi hiyo, ambayo mwanafunzi wa ushonaji angeimaliza mara moja, ilimtoa jasho. Mwosha aliipokea, akaikagua pembe zote, akasema, "Hii sawa." Lebo aliswali alasiri, akaswali na swala ya jeneza, safu ya mbele, bila kutazama kola ya mtu.

Aliporudi kazini, adhana ya adhuhuri ilimkuta akishona shati la mwalimu aliyekuwa amekaa kwenye benchi akingoja. Mguu ukatoka kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza.

"Fundi, malizia basi! Imebaki kola tu."

"Kola ndiyo iliyoniponza, mwalimu. Nikirudi."

Wateja wengine walihama, wengine walizoea. Lebo za buluu hakuziacha.

Siku moja mkewe, akipanga kabati, alikuta bafta nyeupe ya vipande vitatu, iliyokunjwa vizuri.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Mbona haina lebo?"

"Nimeifumua. Na pindo lote."

Mkewe aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vitundu vya sindano vilionekana, vimepanga mstari kuzunguka ukingo wote. Aliikunja upya, akairudisha chini kabisa, chini ya foronya zenye lebo.