Samaki wa Jumamosi Ile

Baba na kaka yangu mkubwa walikuwa na mashua yao Ziwa Victoria, upande wa Kisumu. Mama aliishi nasi mtaani Munyaka, akiuza samaki sokoni Eldoret. Walichovua alfajiri kilipakiwa kwenye lori, nasi tulikipokea kabla ya adhuhuri kikiwa kimefunikwa magunia mabichi. Ilikuwa miaka ile ya maziwa ya bure shuleni. Wadogo zangu walikunywa hayo, na karo yangu ya sekondari ikatoka kwa samaki.

Jumamosi moja lori lilichelewa. Dereva, aliyezoea kunywa chai na Mama, alishusha matenga mawili bila kuzima injini. Mama akamuuliza kama watu wa ziwani wako salama.

"Mzee atakuja mwenyewe, Mama," alisema, akaondoka.

Tuliuza vizuri siku hiyo. Ngege walikuwa wanono, wengine na mayai tumboni. Nilikwangua magamba hadi vidole vikachubuka, huku Mama akiwaambia wateja, "Hawa ni wa kijana wangu. Huyo akitupa wavu, harudi mikono mitupu." Wawili wakubwa aliwafunga kwenye gazeti, tukaenda nao nyumbani.

Baba alifika jioni, shati limemkaukia matope. Hakuketi.

"Wavu ulinasa chini," alisema. "Tulikuwa tumeshapakia samaki mashuani. Kijana akaingia majini kuunasua. Hakutoka. Wamempata mchana."

Mama alitazama lile gazeti mezani. "Hawa ni wa safari hiyo?"

Baba aliitikia kwa kichwa.

"Ulijua, ukafunga matenga?"

"Nilidhani ameibukia kwingine. Nilidhani nikiyatuma kama kawaida, hutashtuka, na yeye ataonekana."

"Nimesimama sokoni nikimsifu," Mama alisema, sauti yake ndogo sana. "Kutwa nzima nimemsifu."

Tulimzika kijijini kwetu, karibu na ziwa. Baba aliuza mashua. Mama akaanza kwenda Moi's Bridge kununua mahindi ya kuuza. Waliishi pamoja hadi uzeeni, wakisaidiana kila kitu, ila jambo hilo sikuwahi kusikia wakilitaja. Mimi nilimlaumu Baba miaka mingi, hadi nikapata watoto wangu.

Wanawake wa kanisani walipomuuliza Mama kwa nini aliacha samaki, aliwaambia mgongo unamsumbua.