Askari wa Mwani

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa mwani alikuwa askari ng'ambo, na hata leo hakai mpaka avue kofia aiweke juu ya goti. Mikutano huianza kwa kumpa neno aliye mdogo kabisa. Juzi tumekutana, mwani unaoza kwa joto la maji, mie nikafungua kinywa mwanzo. "Ngoja, Bi Saada," akanambia kwa ile sauti yake ya chini. "Kwenye vita vyetu mkubwa alisema mwanzo, sote tukaitikia, tukapigwa. Tuliporudi jeshi likageuza amri, mdogo aseme mwanzo, mkubwa mwisho." Nikamjibu, "Mie sijapigwa na mtu, wala sina jeshi," lakini nikampisha aliye mdogo.

Basi Raniya, mdogo wetu, akasema kwa woga shamba tulihamishe, twende kwenye kina maji yalikopoa. Sote tukamtazama mwenyekiti, maana vigingi vipya vya kufungia mwani pale ufukweni kavichonga na kuvipigilia mwenyewe, mikono ikamtoka malengelenge. Akavitazama viganja vyake. "Wallahi mtoto kasema kweli," akasema, akacheka mpaka machozi, akakunja suruali akashuka kuving'oa, anapiga mluzi kama bwana harusi.