Miwani ya Mama Siku ya Kura

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa tayari na wajukuu. Alikuwa akienda masomo ya watu wazima, gumbaru, katika kanisa letu karibu na Matinyani, mchana baada ya kunywesha mbuzi. Alikalia benchi za watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamemfika kidevuni. Alipoanza kushika herufi, jamani, tulikoma. Alisoma pakiti za unga, akasoma kalenda ya mwaka uliopita, akasoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti mpaka abiria wengine wakamgeukia. Mpaka leo hajui kusoma kimya. Midomo lazima icheze na sauti ndogo itoke.

Kisha macho yakaingia ukungu. Alipasuliwa katika hospitali ya misheni kule Mutomo, akapewa miwani, akaishonea kimfuko kwa kipande cha leso. Tangu hapo ndiye anayesoma Neno siku ya Jumapili, mbele ya watu wote. Nimelieleza hili kwanza ili ieleweke ni kitu gani alichoambiwa akitoe mwaka ule wa uchaguzi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Matiliku, upande wa Makueni, na ndiko nilikoolewa. Lakini kura yangu sijawahi kuihamisha. Iko nyumbani, kwenye shule ya msingi niliyosoma, na kila uchaguzi hurudi Kitui kuipiga. Mwaka huo vita vilikuwa vya kiti cha wadi. Upande mmoja alikuwa mwanamume mfanyabiashara, mwenye maduka mjini na gari refu. Upande wa pili alikuwa mwanamke, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliyeachana na mumewe akarudi kujenga kwa wazazi wake. Watu walioazimana chumvi miaka yote walianza kupitana kisimani bila salamu. Hata kwaya ya kanisa iligawanyika, soprano huku na wengine kule, na ibada ikawa kazi kuikalia.

Mimi nilikuwa wa yule mwalimu, na sikujificha. Kule Matiliku, kwenye chumba cha walimu, tulikunywa chai ya maziwa na mandazi huku tukisema kwamba watu wa vijijini wananunuliwa kwa leso na sukari. Tulisema kwa uchungu sana, kama watu wanaojali. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akingoja leso.

Mama ni mwanachama wa mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi, na kwetu karibu wote ni akina mama. Wiki hii wanachimba kwako, wiki ijayo kwa mwenzako, wanaimba na kuchimba mitaro ya kukinga maji mteremkoni kabla ya mvua. Huwezi kumlipa mtu. Unalipa kwa kwenda kuchimba kwake. Shamba la mama lina korongo upande wa chini, na mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imelisogeza hadi karibu na ghala. Zamu yake ilikuwa imepangwa mara tu baada ya kura. Zamu ikipita na mvua ikimkuta hivyo, ghala linaondoka, na nusu ya shamba nyuma yake.

Yule mfanyabiashara alikuwa amewapa mwethya wilibaro mpya za kusukumia udongo na sururu. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alikuwa amempa neno lake kwamba wamama wote ni wake. Na neno lazima lithibitishwe. Nilikuwepo shambani siku alipowaeleza, nimekuja likizo, nimeshika sururu kwa aibu ya mtu ambaye mikono yake imezoea chaki.

"Wale wazee wetu," alisema, "ukifika hapo kwa meza unasema hujui kusoma. Usikuje na mtu. Msimamizi mwenyewe atakusaidia, na wewe unataja jina kwa sauti, mawakala wasikie. Mimi ndio wakala, nitakuwa nimekaa hapo. Ni hivyo tu."

Mama aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na mimi? Si mnajua nasoma."

"Kwa kituo si kanisani. Wewe pia useme hujui. Hiyo miwani ibaki nyumbani."

Wenzake walicheka, si kwa ubaya. Mama alirudi kuchimba na hakuimba tena mpaka jioni. Hakuna aliyesema kwamba atakayekataa atarukwa zamu. Haikuhitaji kusemwa.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na mama anazijua. Siku ya kuamkia kura tulikaa uani tukipukuchua mbaazi, nikashindwa kunyamaza.

"Mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "utasema hujui kusoma? Wewe? Kwa sababu ya wilibaro?"

Aliendelea na mbaazi zake. "Mshahara wako ukiingia, kuna mtu hukuuliza ulimpigia nani?"

"Hakuna."

"Ukitaka shamba lichimbwe, unafanya nini?"

"Naita vibarua."

"Basi."

Nilimwambia nitamletea vibarua hao hao, wachimbe mteremko wote, aachane na mwethya na mwenyekiti wao. Hapo ndipo aliponitazama. Aliniuliza nilikuwa wapi alipolazwa Mutomo macho yakiwa yamefungwa. Nilikuwa Matiliku, nikisimamia mitihani. Aliniuliza ni nani aliyewanywesha mbuzi wake, na nani aliyemchotea maji aliporudi haoni njia ya choo. Nilijua ni nani. Huyo mwenyekiti ninayemtukana alilala kwa mama siku nyingi, akampikia muthokoi laini, mahindi yaliyokobolewa, kwa sababu hakutakiwa kutafuna kwa nguvu.

"Vibarua watachimba waende," alisema. "Nikiugua tena, nitaita vibarua?"

Hilo lilinikasirisha zaidi. Nilimsifia yule mgombea wangu, elimu yake, usafi wake, jinsi alivyoinua shule. Nikamwambia kwamba akina mama wenzake wanamkataa kwa sababu tu aliachana na mume, ilhali yeye mwenyewe amekaa mjane miaka na hakuna kilichoharibika. Nilihubiri mpaka mbaazi zikaisha. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema kitu kimoja.

"Kesho tutaenda pamoja. Wewe utakuwa msaidizi wangu."

Sheria inamruhusu mpiga kura anayehitaji msaada aingie na mtu anayemtaka. Niliona nimeshinda. Nilijiona tayari nimeshika kalamu.

Tulitoka asubuhi na mapema, yeye amevaa leso yake nzuri, bila miwani machoni. Foleni ilizunguka uwanja wa shule. Wazee wa mwethya waliotutangulia waliingia mmoja mmoja na kutoka wakitazama chini. Mmoja wao alikuwa amesoma gumbaru benchi moja na mama. Alipotupita alimgusa mama bega, akaenda zake.

Ndani, mwenyekiti alikuwa upande wa mawakala, beji kifuani, amekaa kwenye dawati dogo kuliko yeye. Aliponiona nyuma ya mama, uso wake ulibadilika.

"Susu, kusoma unajua?" msimamizi aliuliza, akimwita nyanya kwa Kikamba. Alikuwa kijana mpole, amechoka.

Mama alimtazama mwenyekiti, akamtazama msimamizi.

"Macho ndio shida," alisema. "Nimekuja na msaidizi wangu, ni binti yangu."

Hakusema hajui. Nilimwona akivuta pumzi baada ya kulisema lile la macho, na nilitamani kumkumbatia palepale. Mwenyekiti alifungua mdomo, akaufunga. Niliapishwa kwamba nitamsaidia anavyotaka yeye na sitatoa siri, tukapewa karatasi, tukaenda kwenye kile kibanda cha kadibodi kilichowekwa juu ya meza.

Nilinyoosha mkono kuchukua kalamu. Mama aliichukua kwanza. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kile kimfuko cha leso, akaivaa miwani yake na kuinama ndani ya kadibodi mpaka kichwa kisionekane.

"Geuka," alininong'oneza kwa Kikamba.

"Nini?"

"Geuka. Tazama huko."

Nikageuka. Nilitaka kubisha, lakini ile ilikuwa sauti ya utotoni, na miguu yangu ilitii kabla yangu. Sasa nilikuwa nimekipa kibanda mgongo, uso kwa uso na mwenyekiti. Mtu yeyote angeona kwamba simsaidii mtu. Na nyuma yangu sauti ndogo ikaanza kutoka. Mama alikuwa anasoma. Alisoma jina la kwanza, akapumua, akasoma la pili. Alisoma kila jina kwenye kila karatasi, la yule mfanyabiashara na la yule mwalimu na ya wale wengine ambao hakuna aliyewafikiria, yote kwa sauti moja, kama anavyosoma orodha za vizazi kanisani. Hakuna aliyeweza kujua alitua wapi. Mimi pia sikuweza.

"Susu, bado?" msimamizi aliita.

"Bado nasaidiwa," mama alijibu.

Mwenyekiti alinikazia macho. Angeweza kusimama na kulalamika, na kazi yake pale ilikuwa hiyo. Nikaona midomo yake ikitetemeka, na sikujua kama ni hasira au ni kicheko, mpaka alipoinamisha kichwa na kuanza kuifuta beji yake kwa pembe ya kitambaa, polepole, kama ina uchafu mwingi sana.

Yule mfanyabiashara alishinda. Mimi niliona uchungu, nikakaa nyumbani kungoja siku ya zamu, nikiwa nimeshawaulizia vibarua pembeni bila kumwambia mama. Siku yenyewe alfajiri mama alikuwa mlangoni na sururu, anatazama njia. Hakunywa hata chai. Jua lilianza kupanda na njia ilikuwa tupu, na nilianza kumtukana mwenyekiti moyoni. Ndipo tuliposikia wilibaro. Walikuja wote wakiimba, na mwenyekiti mbele.

Aliponipita alisimama. "Mwalimu, mheshimiwa aliniuliza kama wamama walisaidiwa. Nikasema wote wamesaidiwa." Akashusha sururu yake kwenye ukingo wa korongo. "Mama yako macho inaendelea aje?"

"Inapona," nilisema.

"Asante Yesu," alisema, akaanza kuchimba.

Mvua ilikuja ikakuta mitaro. Maji yalisimama kwenye kila ngazi ya mteremko, na ghala liko pale mpaka leo. Siku moja ya mvua hiyo, tumekaa mlangoni tukiyatazama, nilimuuliza mama alimpigia nani. Niliuliza kwa upole, kama mtu asiyejali, na nilijali sana. Nilitaka kusikia jina moja tu, lile langu.

Aliivua miwani, akaifuta, akairudisha kwenye kimfuko.

"Si nilikuambia ugeuke?" alisema.

"Ulinambia."

"Na bado hujageuka."